Ukungu wa Bondeni au Majivu ya Bustani?

Mpendwa Bibi Zagorka, naomba unisaidie kabla sijamrushia mtu brashi. Slava yetu, siku ya mtakatifu wa ukoo wa mume wangu, inakaribia, na hapa Kraljevo nani anapokea wageni wa slava kwenye kuta chafu, kwa hiyo tunapaka rangi sebule, na mimi nimependa rangi inayoitwa Ukungu wa Bondeni, kijani kilichopauka chenye ukijivu, na mama mkwe wangu Desanka alipoona nimeichagua akatoka, akarudi na kopo la Majivu ya Bustani, ambayo nayo ni kijani kilichopauka chenye ukijivu, ila yake ina unjano kidogo, basi nikapaka viraka viwili ukutani na kila anayekuja kunywa kahawa namuuliza, wote wanakodoa macho tu, jirani yangu Milunka akasema, "Shoga, mbona umepaka kiraka kimoja mara mbili?", na mume wangu Radiša ananiambia, "Si zinafanana? Mpe mama anachotaka, yaishe." Desanka naye anakunja mikono: "Mwanangu, slava ni ya ukoo wetu. Wewe ulikuja tu."

Nilikuja! Nimewakunjia wageni wao sarma, nyama ndani ya majani ya kabichi, tangu nikiwa bibi harusi, nimeishi na maua ya rangi ya fedha ambayo Desanka aliyapiga kwa rola kuta zote nne, mapazia yake, zulia lake, hata ndoano ya taulo aliichagua yeye, na sasa nimechoka, sitaki kukiri hili, lakini taa ikiwaka jioni hata mimi sizitofautishi rangi hizo, je, ni ujinga? Nichague ipi?

Ljubinka

Ljubinka dada yangu, pole, ila kwanza nikugombeze. Nani alikutuma upeleke ukuta wako kwenye kura? Umewapa majirani kahawa na usemi juu yake, sasa unataka na mimi nipige kura. Sipigi.

Mumeo anasema zinafanana. Vizuri sana. Basi mama yake hapungukiwi kitu ukipaka yako. Mbona jambo likiwa halina maana, wa kuachia ni wewe? Muulize Radiša hilo, na umtazame mpaka ajibu.

Desanka simchukii. Naye aliingia humo bibi harusi, akakuta kuta za mwanamke mwingine, na hayo maua ya fedha nadhani aliyapigania. Siku ya slava mkalishe pa heshima, mmiminie yeye wa kwanza rakija, ile pombe kali ya matunda. Lakini brashi asikushikie. Kopo lake apakie chumba chake, ni haki yake.

Wewe usisubiri aende sokoni. Paka akiwa ameketi hapo hapo, anakuona. Anza na ukuta wa mashariki, penye picha ya mtakatifu, maana huo ndio watakaoutazama wageni wote. Akikwambia ulikuja tu, mjibu kwa upole: "Ndiyo, mama, nilikuja. Na nimebaki."

Ukimaliza, osha rola, keti, na usimuulize mtu yeyote kama pamependeza.