Rehema na Kilemba cha Gunia

Alhamisi

Na bado alinitazama machoni! Jumapili Mzee Mutuma, mzee wetu wa kanisa, alitufundisha kwamba neno rehema lilitoka kwa Waarabu, na mzizi wake ni mmoja na wa tumbo la uzazi. Kumrehemu mtu, akasema, ni kumwonea uchungu kama mtoto wa tumbo lako. Hata mimi nililia.

Leo amekuja kununua viazi vyangu, maana yeye ndiye broka wetu. Gunia likajaa, akalishonea wavu juu, akaendelea kushindilia mpaka likavaa kilemba. Bei ni ile ile ya gunia moja.

"Mzee, hili lina mimba," nikamwambia. "Hiyo ya juu unalipa?"

"Mama Kendi, nihurumie. Lori linakula mafuta."

"Kwani mimi ndiye nimekuzaa?"

Wapakiaji wakacheka. Yeye akanuna, akaliacha gunia hapo, akaondoka na lori tupu, na broka mwingine hapa Kibirichia simjui.

Naogopa, kusema kweli. Karo ya mwanangu Kendi chuoni kule Nchiru ilikuwa kwenye viazi hivyo. Stoo imejaa, na maana ya rehema ninayo. Sijui kipi kitaoza kwanza.