Vigelegele Vilikuja, Watu Hawakuja

Mshauri wetu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa peke yangu juu ya mikeka niliyoitandika uani kwangu Kanyenye kwa ajili ya wanawake wa mtaa, na mbele yangu uko mchele wa Igunga, wenye mawe yake na chuya zake, ambao Jumapili ijayo unatakiwa uwe pilau ya harusi ya mwanangu Najiat, na hakuna aliyekuja kuuchambua.

Desturi yetu unaijua: mwenye harusi akitangaza mchele, wanawake huja na nyungo zao, huchambua, huimba, humtania bwana harusi, na papo hapo hugawana kazi za jikoni. Nami nilitangaza vizuri kabisa katika kundi letu la WhatsApp, ambalo msimamizi wake ni mimi, nikaweka siku, saa na picha ya maua, na wote walisoma, kwa maana simu inaonyesha, lakini siku ilipofika walichonitumia ni makofi, mioyo na picha za masufuria. Jirani yangu Getruda alituma ujumbe wa sauti wenye vigelegele vitupu, virefu, nikadhani yuko mlangoni, nikainuka kumfungulia.

Nilipoandika, "Jamani, mbona siwaoni?" walijibu, "Tupo pamoja nawe, shoga!" Na Bi Tatu, fundi wa pilau ambaye bila yeye hakuna harusi inayoiva mtaani kwetu, akatuma kadi iliyoandikwa, "Hongera bibi harusi Veneranda." Mwanangu anaitwa Najiat, mshauri. Aliisoma akalia, akaniuliza, "Mama, wakwe zangu watoke Sikonge waje kula picha?"

Hapa sina budi kukueleza jambo dogo, ingawa sioni linahusikaje. Mwezi uliopita Bi Tatu alifiwa na mama yake, na anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu, nami sikwenda kwa sababu miguu ilikuwa inaniuma, maana tangu asubuhi nilikuwa nazunguka sokoni kutafuta vitambaa vya sare, lakini sikumsahau, nilimtumia ile kadi ya rambirambi yenye ua jeupe ambayo nimeitengeneza kwa misiba yote ya mtaa ili mfiwa asingoje, ila kwa haraka sikubadilisha jina, ikaenda na jina la marehemu Mzee Majidi wa msiba uliotangulia, nikaifuta mara moja, nikaongeza nyuso zinazolia. Baadaye nilisikia kwamba Getruda, ambaye ni Mkatoliki, amelala msibani mpaka matanga yakaanuliwa, nikaona mtaa umewakilishwa vya kutosha. Alhamisi hii ni arobaini ya mama huyo, na kadi yake nimekwisha kuiandaa, safari hii kwa jina sahihi.

Baba Najiat nimemwomba aseme na waume zao, naye amenijibu, "Kundi ni lako, mama. Sema nalo." Niongoze: nimwondoe Bi Tatu katika kundi awe funzo kwa wenzake, au nitangaze upya kwa picha nzuri zaidi? Nijibu haraka, ikiwezekana kwa ujumbe wa sauti.

Mama Najiat, Kanyenye

*

Marahaba, Mama Najiat. Kwa ujumbe wa sauti sitakujibu. Vile vigelegele vimekutosha.

Nakuonea huruma, na zaidi namhurumia yule binti. Mama wa bibi harusi kukaa peke yake mbele ya mchele ni jambo la kuumiza. Lakini usiniambie kwamba hulielewi. Umelieleza mwenyewe, huku ukiliita jambo dogo. Wanawake hawa hawakukutukana. Wamekuiga, tena kwa uangalifu, mpaka kwenye jina.

Miguu iliyolizunguka soko tangu asubuhi ilishindwa kufika nyumba ya nne? Unaishi katika mji uliopokea wapagazi waliotoka pwani kwa miguu, mizigo mabegani. Sitaki kuisikia tena habari ya miguu yako.

Simu siilaumu. Simu ni mpiga mbiu: hupita, hutangaza, huenda zake. Zamani mpiga mbiu akitangaza msiba, hakuna aliyemjibu, "Asante, nimesikia, nalia," kisha akageuka upande wa pili akalala. Watu walijifunga kanga wakatoka. Wewe umempa mpiga mbiu kazi ya kukulilia na kukukalia matanga, halafu unashangaa kwamba hawezi kuchambua mchele.

Bi Tatu naye, kama anasoma, asijipongeze. Najiat hakumtumia mtu kadi yoyote. Kumliza bibi harusi kwa kosa la mama yake ni kupiga asiyehusika.

Sasa sikiliza. Usimwondoe mtu katika kundi, na ile kadi ya arobaini ifute, hata kama jina ni sahihi. Gazeti hili linatoka Jumanne. Kesho yake wanawake watakuwa kwa Bi Tatu wakichambua mchele wa hitima. Hukualikwa, na msibani hakuna mwaliko. Jifunge kanga, chukua ungo wako, simu iache kabatini, uende. Mtazame Bi Tatu usoni, umwambie, "Nisamehe. Ulifiwa, nami sikuja." Usiongeze udhuru. Kama mama yake aliwahi kukaa msibani kwako, na katika mtaa kama wenu bila shaka aliwahi, litaje hilo pia, kwa sababu Bi Tatu analikumbuka.

Kisha kaa chini uchambue. Watakusema, nawe utasikia. Getruda huenda akakupigia vigelegele vingine, safari hii karibu na sikio. Vumilia, endelea kutoa mawe. Neno harusi lisitoke kinywani mwako mpaka Bi Tatu mwenyewe aulize kama mchele wako umekwisha kuchambuliwa.

Siwezi kukuahidi kwamba atauliza. Asipouliza, utachambua pamoja na mumeo, ambaye naona ana nafasi, na wakwe wa Sikonge watakula pilau yenye ukoko mwingi. Ndoa ya Najiat haitavunjika kwa ukoko. Lakini wewe utakuwa umekwenda unakostahili kwenda, na hilo ulikuwa na wajibu nalo hata kama usingekuwa na harusi.

Mikeka usiikunje bado. Na wakija, usitoe simu kuwapiga picha. Simama mlangoni uwakaribishe kwa mdomo.