Lori la Karafuu Si Gari Moja

Pujini, 12 Septemba 1959

Dada yangu Khairiya,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, na yule mbuzi uliyetuachia kazaa mapacha.

Ile kazi ya kuhesabu magari mlimani nimesimamishwa. Fomu inataka kila gari mstari mmoja, ijulikane kama barabara inatosha. Mimi lori lililojaa karafuu nalipigia mistari minne, kwani likipanda, gari ndogo zinatambaa nyuma yake, hazina pa kupita. Bwana wa barabara akanijia juu: "Nyange, lori ni gari moja. Futa!"

Nikamwambia, "Panda gari yako, Bwana, ulifuate hilo moja mpaka juu, kisha uje ufute mwenyewe." Hakupanda.

Hukuwapo siku wifi yako Mwanapili alipopelekwa hospitali na uchungu. Tulikuwa nyuma ya lori, mlima huo huo. Mtoto wetu alizaliwa garini, keshakufa.

Mama ataka niombe radhi nirudishwe. Siombi! Kesho asubuhi nitakaa pale pale na daftari langu mwenyewe, na kila lori litapata mistari yake minne.

Nduguyo asiyefuta,
Nyange