Mawingu ya Waridi na Mkono wa Babu

Mshauri mpendwa, nakuja kwako kichwa chini,

Mimi ni mwalimu wa chekechea, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, magoti yangu yanalia kuliko watoto, na kila siku baada ya chakula wanangu hulala kwenye mikeka, pazia likipumua dirishani, nami huwatungia hadithi ya mawingu, polepole, mpaka wasinzie, ingawa mara nyingi nasinzia mimi kwanza, basi mwezi huu wa kampeni, sijui ni usingizi au ukereketwa, mawingu meupe yakaanza kugawa mvua kwa wote na ya waridi yakawa yanaificha, na rangi ya chama changu, mwenzangu, ni nyeupe.

Sasa kuna mzee, fundi viatu, huja kumchukua mjukuu wake, kavaa kofia ya waridi ya chama chake. Juzi mtoto alificha mikono mgongoni.

"Sikushiki, Babu. Wewe unaficha mvua."

Mzee akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwalimu, mvua gani hiyo?"

"Aa, watoto hao, mzee wangu!" nikajibu, muongo mkubwa mimi.

Tangu hapo huja kichwa wazi, na bado mjukuu hutembea hatua tatu nyuma yake. Je, nikiri, au ningoje asahau? Na mwalimu asifundishe haki kabisa?

JIBU

Mwalimu, pole, na aibu ikupate kidogo.

Mtoto husahau hadithi. Hasahau aliyefundishwa kumwogopa. Haki fundisha, nani kakuzuia? Wagawane kalamu za rangi, wangoje zamu, wakuulize hata wewe "kwa nini?" Lakini mtoto aliyelala chali, macho yakifumbika, hana nafasi ya kukubishia. Ukimtilia chama masikioni saa hiyo hujamfundisha, umemvizia. Kura yako ipeleke kwenye sanduku, utawakuta watu wazima wenzako.

Kesho msubiri fundi mlangoni, mwamkie, useme mjukuu akisikia: "Mvua ile niliitunga mimi, na nilikosea." Usimung'unye maneno. Kisha mwombe arudi keshokutwa na kofia yake, na hadithi ya mchana asimulie yeye, ya viatu, si ya vyama. Wewe tafuta mkeka, ulale kando ya mtoto, unyamaze. Unasinzia vizuri, umesema mwenyewe.

Wakati wa kwenda nyumbani, mkono wa mtoto usiusogeze wewe. Mwache aunyooshe mwenyewe. Umeshamsukuma vya kutosha.