Prosesa ya Mkono Mmoja

Meru,
28 Septemba 1996

Mpendwa dada Wambeti,

Nakusalimu wewe na shemeji Gitari, nikitumaini kwamba baridi ya Kibugu haijakurudishia kile kikohozi cha Julai. Huku Makutano tulikuwa wazima, mimi na mwanao Kanini, hadi leo asubuhi alipoondoka na barua hii mkobani. Mwache ale kwanza, ndipo uisome, na usiisome kwa sauti.

Umeniuliza mara mbili kwa nini chuo cha uuguzi hakijamjibu. Nitakuambia, lakini sina budi kuanzia kwenye kompyuta.

Mwezi Machi chama chetu cha ushirika wa kahawa kiliamua kununua kompyuta ya kwanza. Mwenyekiti, Bwana Kithaka, alinituma nichague prosesa, yaani kile kipande kinachofanya kazi yenyewe ndani ya sanduku. Alitaka mashine itakayopanga orodha ya wakulima huku karani akiendelea kuandika barua. Akaongeza akicheka kwamba ikiweza hayo, haoni kwa nini aweke makarani wawili. Makarani ni mimi na Kanini, na aliyeingia mwisho ndiye hutangulia kutoka.

Nilikwenda na Kanini dukani kwa Njura, anayeuza kompyuta karibu na stendi. Aliwasha mbili, moja ya 486 na nyingine ya Pentium. Aliposikia kwetu ni Kibugu, kwenye chai, alisema basi hahitaji kutueleza sana: ya kwanza huchuma chai kwa mkono mmoja, ya pili kwa mikono miwili, na kikapu ni kile kile. Kanini alimjibu kwamba kwao anayechuma kwa mikono miwili humaliza mapema, halafu hupewa mstari wa mwenzake. Njura alicheka. Mimi sikucheka.

Tulizipima kwa saa yangu. Kila moja ilipewa majina 1,140 ya kupanga, huku Kanini akitaipa barua. Kwenye 486 herufi ziligoma kutokea, akakaa mikono mapajani dakika saba. Kwenye Pentium majina yalikuwa tayari kwa dakika mbili na nusu, na barua haikusimama hata kidogo.

Katika ripoti niliandika kwamba kwa kazi yetu prosesa hizo hazina tofauti. Wakanunua 486. Tangu hapo mimi hutumia mashine, Kanini huandika orodha kwa mkono, na wakulima husubiri dirishani. Kila mashine inapokwama, Bwana Kithaka huniuliza kama zote huwa hivyo. Nami humwambia ndiyo. Kanini haulizi kitu. Ndiye aliyekuwa akitaipa siku ile.

Mwezi Julai Bwana Kithaka alisema kwamba Kanini akienda chuoni, atamweka mpwa wake Muchangi, aliyesomea kompyuta Embu. Nilijua Muchangi akikaa mbele ya mashine ile siku moja tu, ripoti yangu itatolewa kwenye faili.

Sasa dada, jibu la swali lako. Barua za Kanini huja kwa sanduku langu la posta. Ya chuo ilifika Jumatano, tarehe 14 Agosti. Amepata nafasi. Niliifungua, nikaisoma, nikaiweka chini ya godoro. Kila jioni ameniuliza kama kuna barua, na kila jioni nimemwambia hakuna. Mwezi Machi nilidanganya ili asifukuzwe. Tangu Agosti nadanganya ili nisifukuzwe mimi.

Anatakiwa kuripoti Jumatatu kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Nimeshindwa kumpa barua hiyo mkononi. Nilimwambia anakuletea salamu tu, akaibeba mwenyewe hadi kwako. Imo ndani ya bahasha hii. Mpe leo, na umwambie ilikokuwa.

Jumatatu asubuhi nitampelekea Bwana Kithaka karatasi ya vipimo, yenye dakika kama zilivyokuwa. Atakaloamua nitakuandikia. Kanini akisema hataki kuniona, usimshurutishe.

Msalimie shemeji, na umwombe amsindikize mtoto hadi lango la chuo.

Ni mimi ndugu yako,
Munyi