Kovu la Kisogoni

Mpendwa Dada Nermin, naomba uniokoe, harusi yangu ni Jumamosi hapa Tokat na usingizi umenihama, mwaka jana niliaga nyumbani kwamba nakwenda Istanbul kikazi kumbe nilikwenda kupandikizwa nywele, daktari akakata ukanda wa ngozi kisogoni apate nywele za kupanda mbele, zimeota vizuri, lakini nyuma limebaki kovu, mstari mweupe toka sikio hadi sikio, bado pana wekundu kidogo na ganzi, nimefuga nywele zilifunike, sasa kuna Mjomba Cevdet, kaka yake mama, kinyozi aliyeninyoa tangu nikiwa mtoto wa kukalishwa juu ya ubao kitini, tangu upasuaji sijakanyaga dukani kwake kwa kuwa yeye lazima apitishe mashine kisogoni mpaka ngozi ionekane, na ndiye atakayeninyoa Jumamosi kama ilivyo desturi kwa bwana harusi, uani, zumari ya zurna na ngoma zikilia, marafiki wamezunguka kiti, na wale hawana dogo, watanicheka hadi wajukuu wangu wasimuliwe. Juzi alinikuta mkahawani akanitazama shingo, akasema, "Huyo anayekunyoa siku hizi, mwanangu, hajui kazi," akaacha chai yake nusu akaenda zake. Nafikiria kumwomba mama atafute kinyozi mwingine. Nifanyeje?
Tuncay

Tuncay mdogo wangu, pole, ila ukithubutu kuleta kinyozi mwingine mimi mwenyewe nitakuja kukuzomea. Mtu aliyekiona kipara chako kikianza, leo anaona nywele zimejaa mbele, unadhani anafikiri ulinyeshewa na mvua? Anajua. Asichojua ni kwa nini unamkimbia. Anadhani umeona amezeeka, mkono wake hauaminiki tena, na hilo ndilo linalomuuma.

Kovu lenyewe usilikune, likinge na jua, na likivimba au kuuma rudi kwa daktari. Wekundu utazidi kufifia. Mstari utabaki, lakini nywele za nyuma zikiachwa urefu wa upana wa kidole hakuna atakayeuona, na hakuna ajuaye kuziacha hivyo kwenye kichwa chako kama Cevdet.

Nenda leo jioni, akishafagia duka. Vua kofia, kalia kiti, umwambie, "Mjomba, niliona aibu." Atakusema. Nyamaza usemwe, unastahili. Kisha mpangane. Jumamosi, mkasi utakapofika kisogoni, atangaze kama vinyozi wote wa harusi kwamba mkasi umegoma, haukati mpaka atunzwe pesa. Marafiki wa bwana harusi ninavyowajua, kila mmoja atakuwa anajificha nyuma ya mwenzake, hakuna atakayekumbuka kukutazama shingo.

Na leo akikumiminia chai, usisingizie shughuli za harusi. Kaa naye mnywe mpaka aimalize yake.