Kipeuo Kisichokubali Kushoto

Jumatatu, 4 Machi 1957
Zamu imeisha, nimeoga, darasani tena. Bwana Yona, mpima wa mgodi, anatufundisha hesabu kubwa sisi washika mnyororo wa kupimia. Jumamosi mtihani. Atakayeshinda anakuwa msaidizi wake. Nimeshatangaza Mpanda nzima kwamba ni mimi. Nani mwingine? Nimekula Ndola, nimelala Nairobi.

Jumanne, 5 Machi
Nimeonewa! Swali: kipeuo cha pili cha x toa 4, x ikisogelea 4, kinaelekea wapi? Nikaanzia kulia, kwenye namba zinazozidi 4: 6, 5, 4 na nusu. Kinapungua, kinakwenda sifuri. Safi. Kushoto nikaweka 3. Tatu toa nne, hasi moja. Kipeuo chake nikaandika hasi moja. Bwana Yona akachora wino mwekundu mpaka karatasi ikatoboka.
"Kushoto hakuna njia, bwana."
Hakuna! Mgodini chini ya usawa wa ardhi tunaandika hasi. Nashuka kwenye hasi kila asubuhi na napanda na kofia yangu kichwani. Nikamwambia hivyo hivyo. Darasa likaangua kicheko. Yeye, uso wa jiwe.

Jumatano, 6 Machi
Hasira bado. Bwana Yona ati nizidishe hasi moja kwa hasi moja, nione kama hasi moja itarudi. Nikapata moja. Nikarudia, labda namba zimechoka. Moja. Tobia, yule Mpimbwe mpole wa darasani kwetu, alipata tangu jana. Wala hajisifu. Upole wake unaniudhi kuliko wino.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji katoka Kasekese. Anataka ushauri wa kugawa shamba: eka nne za kaka yake kwanza, zinazobaki ziwe mraba wake. Nikamchorea chini. Shamba likikaribia eka nne, mraba wake unakuwa kama mkeka, halafu kama leso, halafu basi.
"Na likiwa eka tatu, shemeji?"
"Hapo huna shamba, una kesi."
Alicheka. Mimi nikaganda. Kipeuo ni upande wa mraba! Pasipo na mraba, utapima upande wa nini? Huyu Yona, kwa nini hakusema shamba? Siku mbili ananitesa na wino!

Ijumaa, 8 Machi
Nimemuuliza Bwana Yona. "Ulikuwa unagomba, husikilizi." Mimi!
Tobia kanivuta pembeni. Anasema amekariri tu, haelewi. Nafasi ni moja. Mtu mwenye akili angenyamaza. Nikamchorea mashamba mchangani mpaka akaelewa.

Jumamosi, 9 Machi
Swali wameligeuza. Kipeuo cha 9 toa x, x ikisogelea 9. Nikaandika haraka: kushoto hakuna njia. Nikatoka wa kwanza, kifua mbele.
Kumbe weka 8, weka 7, ardhi inabaki. Kushoto ndiko kwenye shamba. Kulia ndiko kwenye kesi. Tobia alichora shamba kwanza, ndipo akaandika.
Nafasi ni yake.

Jumapili, 10 Machi
Tobia kaja na samaki wa kuchoma wa Kapalamsenga, kule ziwani. Kasimama mlangoni, haingii.
"Kaka, nimeshinda kwa mashamba yako yale."
"Ingia, samaki wanapoa."
Mke wangu kaongeza ugali. Tumekula.